Mdogo Wangu Lasmi

Jumapili, 8 Septemba

Mama Lasmi amekuja kumwomba Baba baraka. Anagombea ukuu wa wilaya, kiti kile kile anachokitaka kaka yangu Wirawan, na bado amekuja, na kapu lake la tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, zilizofungwa kwa majani ya mgomba, akapiga magoti mbele ya Baba kama afanyavyo kila Idi. Baba akamwekea mkono kichwani. "Gombea, mwanangu. Akishinda yeyote kati yenu, kiti kimebaki nyumbani." Kisha akarudi kumpigia miluzi njiwa wake kwenye tundu. Kwake siasa ni mechi ambayo timu zote mbili ni zake.

Jikoni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama Lasmi ana miaka sitini na moja, mimi thelathini na minane. Ndiye aliyeniogesha, akanisuka nywele, akanipeleka shule kwa baiskeli. Lakini marehemu mama yake alikuwa mdogo wa Baba, na huku kwetu ukubwa unarithiwa: mtoto wa mkubwa ni mkubwa, hata kama kazaliwa jana. Kwa hiyo mimi kwake ni Dada, Wirawan ni Kaka, na yeye kwetu ni mdogo. "Dada Endah, fumba macho, sabuni hiyo," ndivyo alivyokuwa akiniambia nina miaka minne, nalia, sina hata chupi.

Sisi kwa upande wetu hatujawahi kumwita mdogo. Haki hiyo tunayo na hakuna aliyewahi kuigusa. Tunamwita Mama Lasmi. Yeye anatupandisha kwa ukoo, sisi tunampandisha kwa umri, na hakuna anayebaki chini.

Leo alikuwa anamenya vitunguu, akasema, "Habari za zahanati zote za wilaya hii ninazo kichwani, Dada. Naogopa kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Siku ya mdahalo nitamwitaje Kaka Wira? Vijana wangu wanataka nimwite Bwana Wirawan. Mdomo unakataa. Nimejaribu mbele ya kioo, nikajiona sina adabu, nikakiomba kioo radhi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitamwita Kaka, hata mbele ya Rais. Tena akinikemea, nitanyamaza, najijua. Marehemu mama alinizoesha vibaya. Lakini hayo yaishie hapa hapa jikoni, Dada."

"Yaende wapi tena?" nikamwambia.

Jumatano, 18 Septemba

Jua kali, mvua bado. Watu wanaanika tumbaku kila mahali, hata juu ya makaburi. Nimechukua likizo redioni ili nimfundishe Wira kuongea. Anaongea kama anasoma tangazo la zabuni.

Jumatatu, 30 Septemba

Kampeni zimeanza. Matokeo ya utafiti wa maoni yamekuja na Mama Lasmi anatuacha mbali, hasa vijiji vya mlimani. Huko alikuwa mkuu wa kijiji chake vipindi viwili na watu wanamkumbuka kwa mabomba ya maji. Bwana Teguh, mtaalamu wa kampeni tuliyemleta kutoka Semarang, alizungusha kalamu mezani. Wira hakula.

Jumatano, 9 Oktoba

Hakuna aliyenilazimisha. Niandike hivyo kwanza, maana kesho nitaanza kujitafutia sababu.

Tulikuwa kwenye kikao, tunakula wali na kuku wa kukaanga. Bwana Teguh akauliza, "Huyu mama ana udhaifu gani?" Kila mtu akaangalia sahani yake. Mimi siku nzima nilikuwa nimekaa pale bila kuulizwa neno, dada wa mgombea, mtu wa kuletewa chai. Nikataka na mimi nionekane nina akili. Nikasema, "Hawezi kumwita Wira kwa jina. Atamwita Kaka, na akikemewa atanyamaza."

Bwana Teguh akaweka kijiko chini. Akaniuliza ukoo wetu umekaaje. Nikamweleza yote, tena kwa ufasaha, na mifano. Nikamwigiza Mama Lasmi na kioo chake. Watu wakacheka sana, na nikafurahi kwamba wanacheka.

"Basi," akasema Bwana Teguh, "bosi, usimwite Mama Lasmi kama wanavyomwita wote. Mwite mdogo wangu. Atakujibu Kaka. Watu wa mlimani wanaijua heshima hiyo kuliko sisi. Nani atampigia kura mdogo ampiku mkubwa wake?"

Wira akajikuna shingo. "Huyu mtu alikuwa ananilisha uji, Bwana Teguh."

"Lakini kwa ukoo si mdogo wako?"

"Kwa ukoo, ndiyo."

"Sasa tatizo liko wapi? Unasema uongo?"

Wira akaniangalia mimi. Ningeweza kusema. Nilitikisa kichwa kumkubalia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mazoezi. Mimi nilikaa upande wa Mama Lasmi, nikawa namjibu Wira "Ndiyo, Kaka." Ananiita mdogo wangu na mimi kweli ni mdogo wake, kwa hiyo imemtoka vizuri.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mdahalo wa kwanza. Ukumbi ulijaa, mashati ya bluu ya kwetu huku, ya kijani ya kwao kule. Mama Lasmi alivaa blauzi ya sherehe, kebaya ya kijani iliyokolea, ile aliyoivaa kwenye harusi yangu. Alinipungia mkono kutoka jukwaani mbele ya watu wote, na nikampungia.

Mwongozaji aliwaita "Bwana mgombea" na "Bibi mgombea", mambo yakaenda vizuri. Kisha ikafika zamu ya kuulizana. Wira akashika kipaza sauti, akatabasamu kama nilivyomfundisha, akasema taratibu, "Mdogo wangu Lasmi."

Watu ukumbini waligeukiana kwanza. Mwanamume wa miaka arobaini na minne anamwita mdogo wake mwanamke mwenye mvi. Kuna mtu upande wa kijani alipiga kelele, "Adabu wewe!" Ndipo Mama Lasmi akainamisha kichwa, mikono mbele ya tumbo, akajibu, "Ndiyo, Kaka."

Yule wa kijani alikaa chini. Nilimwona uso wake. Upande wetu wakaanza kucheka, si kwa sauti kubwa, kicheko cha watu waliogundua kitu.

Baada ya hapo kila alichosema kilianza na Kaka. Aliongea habari za maji na za barabara ya kijiji cha Kalitengah huko mlimani, yote ya maana, yote kwa ile sauti ya chini anayotumia akimpelekea Baba chai. Wira alikuwa anatikisa kichwa kwa upole, mkubwa anayemsikiliza mdogo wake akijitahidi. Mimi niligundua midomo yangu inacheza. Nilikuwa namtamkia Wira maneno yake.

Wakati wa kushuka, Mama Lasmi alimshika Wira mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama. Wapiga picha walikuwa wanasubiri hapo hapo. Bwana Teguh ndiye aliyewapanga.

Jumamosi, 26 Oktoba

Picha ya kuinama imesambaa kwenye simu zote za wilaya. Chini yake wameandika "Mdogo wangu, kura yako pia nipe mimi." Vijana wamechapisha fulana.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nilitegemea moto. Hakuna. Shangazi anayekaa mji wa Solo kaandika, "Wira kasema sawasawa, ndivyo ilivyo." Baba naye nilipomwuliza alishangaa. "Kosa liko wapi? Si mdogo wake huyo?" Nikapumua. Halafu nikaona aibu kwamba nimepumua. Wote wana haki, maana hakuna uongo uliosemwa. Ila wao hawakuwa jikoni siku ile.

Jumanne, 29 Oktoba

Sokoni wanamtania Mama Lasmi. Alikuwa anashusha tempe zake, na muuza nazi, mtu wa kwetu wa bluu, akampigia kelele, "Mdogo wetu! Leo umekuja na ruhusa ya kaka?" Watu wakacheka. Mama Lasmi naye akacheka, akasema, "Ruhusa ninayo, hela ya nauli ndiyo sina." Ni hodari wa kujibu watu baki. Mimi nilijificha nyuma ya magunia ya vitunguu, mtu mzima na kikapu changu.

Muuza pilipili anayetoka Kalitengah alikuwa anamwambia mwenzake, bila kujua nipo, "Mimi ni wake tangu enzi za mabomba. Lakini jamani, mtu anayeinama mbele ya mpinzani, ataenda kututetea kwa gavana? Na kama kweli ni kaka yake, si amwachie tu? Naona aibu kumpigia kura anayeshindana na mkubwa wake." Alisema anaona aibu. Yeye.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza. Tumbaku ya jirani imelowa.

Jumatano, 6 Novemba

Utafiti mpya: tumelingana. Bwana Teguh kaniletea keki yenye jina langu. Nimeila.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekutana na Mama Lasmi kwenye kisomo cha siku ya arobaini kwa jirani. Tulikaa mkekani bega kwa bega. Mvua ilikuwa inapiga paa la bati, hatusikii hata dua.

"Dada Endah, umekonda," akaniambia.

"Kazi nyingi, Mama Lasmi."

"Kaka Wira anaongea vizuri siku hizi. Ana mwalimu mzuri."

Sikuweza kumwangalia. Nilingoja aendelee, aniulize, hata anitukane. Hakuendelea. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, na nafasi ilikuwa kubwa, mvua ile ilikuwa imewaziba wote masikio. Nikasema, "Mvua hii itaharibu barabara."

"Itaharibu," akasema. Akanitilia pakiti tatu za tempe kikapuni, mbili zangu na moja ya Baba, kama siku zote. "Zahanati ya Kalitengah inavuja mpaka kwenye kitanda cha wazazi, Dada. Ukuta upo, paa hakuna. Safari hii nitamwuliza Kaka. Nimejizoeza. Nitamwita Kaka, lakini nitauliza."

Zahanati ile ilikuwa mikononi mwa kamati ya Wira alipokuwa diwani. Akiulizwa hana jibu. Nalijua hilo, na Bwana Teguh analijua.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Wira amekula chakula cha jioni kwetu. Baba alikwenda kulala mapema, tukabaki wawili na sahani.

"Hivi," akasema akichokonoa meno, "marehemu Shangazi alikuwa anamkanya vipi binti yake, Mama Lasmi? Kuna neno alikuwa analisema."

"Unalitakia nini?"

"Nimekumbuka tu."

Nilijua hajakumbuka tu. Namjua kaka yangu tangu anaiba sukari. Ningesema nimesahau. Lakini nilishasema mengi, na mtu akishavuka mto nusu anaona heri amalizie, ndivyo nilivyojidanganya. Nikamwambia: Shangazi hakuwa anampiga. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini tu, "Lasmi, nani kasimama mbele yako?" Na Mama Lasmi, hata akiwa mama wa watoto watatu, alikuwa anakaa chini pale pale alipo.

Wira akanishukuru. Akaosha sahani mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya maishani.

Jumamosi, 16 Novemba

Mdahalo wa pili. Sitaki kuandika na lazima niandike.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu wa mlimani waliteremka kwa malori, wamejifunika plastiki, wengi wao mashati ya kijani yamelowa mgongoni. Nilikaa safu ya mbele. Nilikuwa nimeamua nimwambie Wira asilitumie lile neno. Nilimfuata nyuma ya pazia. Alikuwa anapakwa poda usoni.

"Wira, lile la Shangazi liache."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Endah, si wewe uliyeanza?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa kushangaa, mtu anayedaiwa arudishe zawadi. "Sasa unaona haya? Mimi nimeona haya tangu mwezi uliopita, mbona hukuniuliza?" Aliyekuwa akimpaka poda akakaza macho, akamgeuza uso. Nikarudi kukaa.

Zamu ya Mama Lasmi ilipofika alisimama na karatasi mkononi. Alisoma wazi. "Kaka Wirawan, naomba radhi kukuuliza. Zahanati ya Kalitengah ilipitishwa ulipokuwa mwenyekiti wa kamati. Kuta zipo. Leo mvua inanyesha, na kuna wanawake wanazalia humo. Paa liko wapi?"

Watu wa malori walinyanyuka. Kuna mama alipiga kofi moja kubwa, wengine wakafuata, na nikaona Bwana Teguh amekunja uso. Na mimi, Mungu ni shahidi, moyo wangu ulipanda. Nilimtaka ashinde.

Wira akangoja makofi yaishe. Hakumwangalia mwongozaji, hakuangalia kamera. Alimwangalia Mama Lasmi, akashusha sauti, ile ya chini kabisa, na kipaza sauti kikaichukua yote.

"Lasmi. Nani kasimama mbele yako?"

Mama Lasmi aliijua sauti. Niliona alivyoijua. Aligeuza kichwa, akatafuta watu wa safu ya mbele, akanipata. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayeona kitu cha nyumbani kwake kinauzwa sokoni, anahakikisha kwanza kama ni chake. Kisha akakunja karatasi, akakaa chini kabla hajaambiwa.

Dakika zake zilibaki zinahesabika kwenye skrini. Yule mama aliyepiga kofi alibaki amesimama, mikono hewani, mpaka mtu akamvuta kanga yake akaketi. Wira akasema kwa upole, "Asante, mdogo wangu. Mambo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani." Wetu walipiga makofi. Wa malori walikuwa wanaangalia miguu yao. Walikuwa wanaona aibu kwa niaba yake, na mtu hapendi kumpigia kura anayemtia aibu. Bwana Teguh alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo.

Nilitoka nikasimama mvuani karibu na malori. Dereva mmoja akaniambia, "Mama, utalowa." Nikamwambia nangoja usafiri. Gari la kampeni lilikuwa limeegeshwa mbele yangu, picha ya kaka yangu ubavuni.

Jumatano, 20 Novemba

Sijatoka. Baba kauliza mbona Lasmi haleti tempe. Nimesema ana kampeni.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepiga kura. Nimempigia Mama Lasmi, nikachovya kidole kwenye wino, nikarudi nyumbani. Nilidhani nitajisikia nafuu. Ni kama kumlipia mtu nauli baada ya kumchomea nyumba.

Alhamisi, 28 Novemba

Wira ameshinda. Vijiji vya mlimani ndivyo vilivyompa, Kalitengah na vyote vya jirani. Baba amekesha anapokea wageni. Amesema mara nyingi, "Kiti kimebaki nyumbani." Bwana Teguh amenikumbatia mbele ya watu akasema ushindi huu nusu yake ni wangu. Watu wamepiga makofi.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Baba amegoma kula tempe za dukani. Anasema zina harufu ya mashine.

Jumapili, 8 Desemba

Nimekwenda.

Nilitayarisha maneno njia nzima juu ya pikipiki. Nitasema ni mimi. Nitasema nilitaka kusifiwa, basi, hakuna sababu nyingine. Nitapiga magoti, mimi niliye Dada, mbele ya mdogo, na watu wa ukoo waseme watakavyo.

Dukani kwake kulikuwa na wanawake wanne wa kijijini wanangoja. Waliponiona walisogea wakanipisha mbele. "Dada wa mkuu wa wilaya," mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nikawaambia hapana, nitangoja zamu yangu. Wakakataa kabisa, wakanisukuma mbele kwa heshima.

Mama Lasmi alikuwa anafunga tempe kwa ukambaa wa mwanzi. Akafuta mikono kwenye aproni. Akatabasamu, tabasamu lile lile alilompa mteja aliyetoka kabla yangu.

"Karibu, mama. Nikupe ngapi?"

Nilidhani hajaniona vizuri, maana mvua ilikuwa imenilowesha na nilikuwa na kofia ya pikipiki. Nikaivua. "Mama Lasmi, ni mimi. Endah."

"Ndiyo, mama. Za majani ya mgomba au za plastiki?"

Hakukuwa na ukali. Hakukuwa na kitu. Wale wanawake nyuma yangu hawakusikia ubaya wowote, na kwa kweli haukuwepo. Aliniita anavyomwita kila mwanamke anayeingia dukani kwake na hela. Maneno yangu yote niliyotayarisha yalikuwa ya kusemwa na Dada, na Dada hakuwepo tena. Mtu huwezi kumpigia magoti muuza duka usiyemjua. Utamtisha.

"Za mgomba," nikasema. "Mbili."

Akanifungia mbili. Akapokea hela, akanirudishia chenji kwa mkono wa kulia, kiwiko kimeshikwa kwa mkono wa kushoto, kama inavyotakiwa. Nilisimama kidogo nikiangalia mikono yake. Ile ya tatu, ya Baba, haikuja.

"Karibu tena, mama," akasema, akamgeukia anayefuata. "Haya, Bi Ginem, mjukuu amepona?"

Nimerudi. Nimezikaanga mwenyewe, na pilipili kidogo, kama Baba anavyopenda. Alikula, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Hizi ndizo. Mdogo wenu hajambo?"

"Hajambo, Baba."

"Amesemaje?"

"Amesema karibu."

Baba akaridhika, akanisogezea sahani na mimi nile.